Niliyanyamazia Maji Ili Rangi ya Gari Ikauke

Nianze na kosa lenyewe kabla sijaanza kujitetea, maana najijua. Nilipigiwa simu kwamba maji ya mto Tana yanashuka kuja kwetu, nikakaa kimya siku mbili. Nilinyamaza kwa sababu ya rangi ya gari. Rangi! Ukitaka kuacha kusoma hapa unitukane, una haki yako.

Jina langu silitaji. Kazi yangu ni ya mezani, kule Garsen mjini, na nyumbani kwetu ni kijiji kilicho karibu na mto, mwendo wa pikipiki kama dakika arobaini. Mama alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na Shangazi, dada yake baba. Hakujaliwa mtoto wake, kwa hiyo aliponilea alinilea kwelikweli. Hata leo, na mvi hizi, ananiita "baba".

Sasa nikuambie habari za hilo gari. Ni Morris Minor ya milango minne, vile vigari vya Kiingereza vya mviringo ambavyo zamani walimu wakuu walikuwa wakivitembelea na familia zao. Nililikuta Madogo, huko juu ya mto, nyuma ya nyumba ya mwalimu mmoja aliyekwisha fariki. Kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Mjane wake akaniambia, "Lichukue mwanangu, nipate mahali pa kufunga mbuzi." Nikalipenda palepale. Wengine hupenda mpira, wengine pombe, mimi nikaangukia Morris.

Miaka sita nimelitengeneza! Kabureta niliipata Nairobi baada ya kuulizia mwaka mzima. Taa za mbele zilitoka Mombasa zimefungwa kwenye blanketi. Bushi, zile pete za mpira za kuzuia mtikisiko, nilichongewa na fundi wa jua kali kwa mpira wa tairi la lori. Nyigu walikuwa wamejenga ndani ya bomba la moshi, nikawatoa kwa waya, wakaniuma nikacheka. Kila Jumamosi niko chini ya gari, na Shangazi ananiletea chai. Kutoka kule chini nilikuwa naona miguu yake na kikombe tu.

"Baba, mgonjwa wako leo ameamkaje?" huuliza.

"Ameamka vizuri, Shangazi. Amekohoa mara mbili."

Tulikuwa tunaishi hivyo. Raha yangu yote ilikuwa pale bandani.

Shangazi naye alikuwa na chake. Yeye ni mkulima wa mpunga, na mpunga wake si wa kununua dukani. Aliurithi kwa mamake, aliyeurithi kwa mamake. Ni mpunga mrefu, mwekundu kidogo ukikobolewa, na una tabia moja ambayo huu wa dukani hauna. Maji yakipanda shambani nao unapanda, unayakimbia, unabaki na kichwa nje. Kwa watu wanaolima penye mafuriko, hiyo ndiyo mbegu.

Mbegu yenyewe aliiweka jikoni, juu ya uchaga, juu ya mafiga, ili moshi uifukize wadudu wasiiguse. Magunia matatu, meusi kwa masizi. Wanawake wa kijiji wakikosa mbegu walikwenda kwake. Hakuwauzia. Aliwapimia kibaba, na wakivuna wanamrudishia kibaba. Ilikuwa hivyo tangu sijazaliwa.

Haya. Masika yale ya mafuriko, Jumapili, nilimleta fundi wa kupuliza rangi na kompresa yake. Tukalizungushia banda turubai vumbi lisiingie. Kijani laini, rangi yake ya asili. Ulipopulizwa ule mkono wa mwisho wa rangi nilitaka kulia. Fundi akaniambia, "Usiliguse siku tatu. Hewa ina unyevu, rangi haitaki papara."

Jumatatu asubuhi nikapigiwa simu na binamu yangu wa Madogo. Wewe msomaji wa mbali huenda hujui sisi wa huku chini tunavyoishi na mto. Maji ya kutuua hayaletwi na mvua yetu. Yanaletwa na mvua ya juu, huko kwa wenyewe, na yanakuja jua limewaka na mbingu haina hata wingu. Kwa hiyo aliye na jamaa Madogo au Bura ndiye sikio la kijiji. Akipata habari anatoka kutangaza, na watu wanahesabu siku. Kwetu hesabu ni siku nne, wakati mwingine tano. Hata mtoto anaijua.

"Maji yameshaingia mashambani huku," binamu alisema. "Na haya si ya mchezo. Waambie wote waanze kuhama."

"Nitawaambia," nikasema.

Nikakata simu, nikaenda bandani kulitazama gari.

Jamani, shetani hana haja ya pembe! Nilipiga hesabu zangu. Gari halijaweza kutembea, gia boksi iko mezani imefunguliwa. Kulitoa lazima libebwe na tela la trekta, na trekta kijijini ni moja, ya jirani yetu nitakayemwita Komora. Nikitangaza leo, kila mtu atamkimbilia Komora na vitanda na magunia. Na gari nalo likifungwa kamba leo, rangi itang'oka. Nikajiambia, Jumatatu, Jumanne, Jumatano rangi imeshakauka. Jumatano asubuhi nalitoa mimi kwanza, halafu natangaza. Maji yatafika Alhamisi au Ijumaa. Nani ataumia?

Jumanne Shangazi alitoka mtoni na ndoo, akasimama penye mlango wa banda.

"Baba, mto umebadilika rangi. Na kuna vijiti vinapita. Nduguyo wa Madogo hajapiga?"

"Hajapiga, Shangazi."

Nilimjibu nikiwa nafuta vumbi kwenye bampa, sikumtazama. Akasema, "Akipiga utaniambia," akaenda zake. Hakuna siku nimelala bila kuyasikia hayo maneno yake.

Jumatano asubuhi Komora akaja na trekta. Tukaliviringisha gari juu ya tela kwa mbao, tukalifunga. Likajaza tela lote. Wakati tunakaza kamba tukasikia makelele upande wa mashamba. Maji yalikuwa yamebomoa ukingo wa mfereji, yanakuja. Siku moja kabla ya hesabu yangu!

Komora aliniangalia. "Wewe ulijua?"

Nikaendelea kukaza kamba. Shangazi alikuwa ameshatoka jikoni na gunia la kwanza kichwani, bibi wa miaka sabini na kitu, anatembea haraka hata leso imemdondoka.

"Ipo nafasi," akasema. "Nitayaweka ndani ya gari, kwenye viti. Magunia matatu tu."

"Ziweke hapo, mama," Komora akasema. "Hiyo gari iko na viti nne, zitaingia zote."

Viti vile nilikuwa nimevishonesha Malindi. Kitambaa cha rangi ya maziwa. Nililitazama lile gunia, jeusi, masizi ya miaka, na mimi mtu mzima, niliyelelewa kwa mpunga huohuo, nikasimama mbele ya mlango wa gari nikauzuia kwa mwili wangu.

"Masizi hayatoki kwenye kitambaa hiki, Shangazi. Tutakuja safari ya pili. Panda wewe twende."

"Siwezi kuiacha mbegu, baba."

"Basi utusubiri hapohapo. Tunarudi sasa hivi."

Komora akasema taratibu, "Kaka, hii maji haijui safari ya pili."

Nikamwambia aondoe trekta. Na yeye, trekta ni yake, alikuwa na familia yake ya kutoa, akaondoa.

Mpaka barabara ya lami, pale palipoinuka, ni mwendo mfupi. Tuliliteremsha gari. Na hapa ndipo ninapojichukia zaidi. Badala ya kurudi, nilianza kulifunika. Nililipangusa vumbi, nikatafuta turubai, nikaliwekea mawe pembeni upepo usilipeperushe. Komora alikuwa juu ya trekta injini inanguruma, ananipigia honi. Nilimwambia, "Dakika moja." Aliniacha, akaenda peke yake. Nilipomaliza kumvisha mgonjwa wangu nikamfuata Komora kwa miguu, nikamkuta amesimama. Njia ilikuwa imekatika. Maji yanapita katikati mapana, yanabeba migomba mizima.

Shangazi alitolewa kesho yake na watu wa mitumbwi. Walimkuta amekaa juu ya uchaga, kando ya magunia yake, maji yamefika kwenye vifundo vya miguu. Mtumbwi ulikuwa na watoto wa watu, haukuweza kubeba mizigo. Alifungua gunia, akachota konzi mbili, akazifunga kwenye pindo la leso. Huko kwenye kambi ya waliokimbia mafuriko mvua ilitunyeshea siku saba bila jua. Alipolifungua fundo, mpunga ulikuwa umechipua na kuoza. Jiko lilianguka na uchaga wake. Tuliporudi tulikuta tope na harufu.

Watu kambini walimuuliza ilikuwaje. Mimi nikawahi kujibu kwamba trekta ilikwama. Nilisema hivyo mbele ya Komora! Alinitazama, akanyanyuka akaondoka. Mpaka leo hatusalimiani, na mtoto wake mmoja mimi ndiye msimamizi wake wa ubatizo. Shangazi ndiye aliyenitetea. "Mwanangu alijitahidi," aliwaambia wanawake waliokuja kumpa pole ya mbegu. "Alijitahidi, ni Mungu."

Nilikuwa nimekaa pale pale. Nikanywa chai.

Msimu uliofuata wanawake walipanda mbegu ya dukani. Ilikuwa fupi, na maji yalipopanda kidogo tu yakaifunika. Wakavuna majani. Mimi wakati huo namalizia gia boksi. Gari likawaka! Likatembea! Watu wakaja kupiga picha, wakaniomba niwabebee bwana harusi. Nami nikalitazama lile gari nililolitamani miaka sita, nikaona kama ninatazama la mtu mwingine.

Nikamwambia Shangazi nitampeleka Chara, kwa akina mama wanaolima mpunga wa zamani, huenda wanao wa aina yake. Nilidhani hiyo itakuwa fidia. Akavaa vizuri, akaja. Nikamfungulia mlango. Kabla ya kukaa akavua leso yake ya juu, akaitandika kwenye kiti, akaikunjua mpaka pembe.

"Nisije nikakuchafulia, baba," akasema.

Hakusema kwa kejeli. Ningependa angesema kwa kejeli.

Kule Chara wazee walimletea mpunga wa aina tatu kwenye ungo. Aliusugua viganjani, akaupuliza, akazitafuna punje moja moja. Mara ya tatu nikasogea karibu. "Ni mzuri," akawaambia kwa heshima. "Lakini si ule." Wakampimia kibaba hata hivyo, naye akashukuru kwa mikono miwili.

Tukiwa njiani kurudi akaniambia, macho yake yakiwa mbele, "Nduguyo wa Madogo alinipigia, tangu tukiwa hemani. Akaniambia alikupigia Jumatatu. Nikasema, huyu ataniambia mwenyewe."

Ulikuwa ndio wakati wangu. Mlango alinifungulia yeye mwenyewe, kilichobaki ni kuingia. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Shangazi, hebu sikiliza, unaisikia hiyo gia ya tatu inavyolia?"

Akasikiliza. Kweli akasikiliza, akainamisha kichwa kabisa. "Naisikia," akasema. Tangu siku hiyo hajanigusia habari hiyo. Chai bado ananiletea. Kuhusu mgonjwa haulizi tena.

Ndugu yangu, dada yangu, wewe unayependa kitu chako, iwe gari, iwe pikipiki, iwe ng'ombe, kipende. Sikukatazi. Lakini siku utakapojikuta unahesabu wenzako wangoje siku ngapi ili kitu chako kiwe salama kwanza, ujue umeshapotea. Na ukipigiwa simu kwamba maji yanakuja, toka nje hapohapo, piga yowe, gonga sufuria, hata kama wewe mwenyewe utabaki bila kitu. Usiifanye habari ya watu kuwa siri yako. Na ukishakosa, ukapewa nafasi ya kusema, sema siku hiyohiyo. Ya kesho yanakuwa mazito zaidi, nakuapia.

Mimi nimekuandikia wewe usiyenijua kwa sababu ni rahisi. Anayenijua yuko nje sasa hivi, amekaa kwenye mkeka, anachagua ule mpunga wa Chara, anajaribu kuuzoea. Kutoka kwenye meza hii mpaka kwake hazifiki hatua ishirini. Ni mwaka wa pili huu, na bado sijazitembea.