Andiko la Tatu la Wifi Yangu

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni fundi viatu. Mjini wanamwita Mama Soli. Ukimuuliza mtu yeyote wa mtaa wetu atakuelekeza: pita duka la fotokopi, pita kwa kinyozi, utaona mlango wa bati wenye rangi ya kijani, ingia tu, maana hata ukipiga hodi hatakusikia kwa kelele za nyundo. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, ambaye hakuwa na mtoto wa kiume anayeweza kukaa kwenye kigoda dakika kumi mfululizo. Huyo mtoto wa kiume ndiye mume wangu, na mwenyewe halikatai jambo hilo.

Kwa miaka mingi alikuwa fundi kama mafundi wengine. Aliletewa visigino vilivyokwisha, mikanda iliyokatika, soli zilizoachama kama midomo. Kisha siku moja akaja mwalimu mmoja wa kike anayechechemea. Mguu wake wa kushoto ulivunjika, mfupa ukaunga vibaya, ukabaki mfupi kuliko wa kulia. Aliomba soli ya kiatu cha kushoto iinuliwe kidogo. Wifi alimsimamisha, akampima, akakata raba nyepesi tabaka kwa tabaka, akabandika, akapiga msasa mpaka usingejua kiatu kimeongezwa. Mwalimu akavaa, akatembea mpaka kwa kinyozi na kurudi, akaketi. Halafu akasema, "Kesho nitakuletea viatu vyote nilivyo navyo."

Baada ya hapo wifi hakupumua. Walikuja waliopata ajali, waliozaliwa na nyonga mbovu, waliougua polio utotoni. Wengine walisafiri siku nzima. Wifi alikuwa akikata raba kwa kisu, kwa mkono, na kiatu kimoja kilimchukua siku mbili. Foleni ikafika miezi mitatu. Viganja vyake vikaanza kufa ganzi, akawa anavikung'uta hewani kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Alihitaji mashine ya kukata na ya kusaga soli, chumba kikubwa zaidi, na mafundi wa kufundisha. Akiba yake isingetosha hata mguu wa mashine.

Tangazo la kwanza alilikuta limebandikwa ukutani kwenye duka la fotokopi. Serikali ilikuwa inatoa ruzuku kwa mafundi wadogo. Mume wangu alilisoma, akacheka puani.

"Dada, hizo pesa zina wenyewe. Wewe utawasindikiza tu."

"Basi nitawasindikiza huku nikiwaangalia wanavyokwenda," wifi akamjibu, akaichukua fomu.

Aliijaza peke yake, kwa kalamu. Baada ya wiki sita ikarudi na muhuri mwekundu: hakuambatisha cheti cha usajili. Hakuwa nacho. Hakulalamika. Alikwenda kusajili karakana yake, akazungushwa dirisha kwa dirisha mpaka akakipata, akakitia kwenye fremu na kukitundika juu ya meza ya kazi, palipokuwa na kalenda.

Mara ya pili aliandikia wakfu mmoja mkubwa. Safari hii aliandika kurasa nne na kuniletea nizipige chapa, kwa kuwa mimi ni karani wa shule ya sekondari na kompyuta ndiyo jembe langu. Nilipiga chapa huku machozi yakinilengalenga. Niliona hawa watu, wakiwa na moyo, hawana pa kukwepea.

Wakakwepa. Jibu lilikuwa mistari mitatu: tunashukuru, tunasikitika, tunakutakia mafanikio.

Mtu mwingine angelichana. Wifi alilikunja, akalitia mkobani, asubuhi akavaa gauni lake zuri akaenda kwenye ofisi za wakfu huo. Kijana wa mapokezi akamwambia kwamba hawana utaratibu wa kueleza sababu. Akasema sawa, akaketi kwenye kiti cha plastiki. Akaketi mpaka saa saba. Ofisa mmoja mwembamba, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alipotoka kwenda kula, akamkuta.

"Mama, umehudumiwa?"

"Bado, baba. Sikuja kudai. Nimekuja kuuliza nilikosea wapi, nisikosee tena."

Yule ofisa akamwangalia, akageuza njia, akamkaribisha ofisini. Andiko lake lilikuwa bado kwenye faili. Akalifungua.

"Mama, nitakwambia ukweli. Andiko lako limeniliza. Lakini nilipomaliza kulisoma sikujua unataka kufanya nini. Kurasa nne za huruma, mistari miwili ya kazi."

Wifi akatoa kalamu mkobani, akaandika.

"Na jambo la pili. Sisi tunafadhili elimu ya watoto wadogo. Imeandikwa hapa, mstari wa kwanza wa tangazo. Wewe wateja wako ni watu wazima. Hukukosa kwa sababu kazi yako ni mbaya. Ulipiga hodi nyumba siyo."

Wifi aliniambia kwamba njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akitabasamu peke yake, watu wakamdhania ana wazimu. Alikuwa ameingia akidhani hawamtaki. Kumbe alikuwa amekosea mlango tu, na mlango unatafutika.

Tukaanza kuutafuta. Mkuu wa shule aliniruhusu kutumia kompyuta ya ofisi kila Jumamosi asubuhi, na wifi akanunua daftari kubwa la jalada gumu. Mimi nilifungua tovuti za wizara, za mashirika, za wakfu wa hapa na wa nje, nikamsomea. Yeye aliandika: wanafadhili nini, hawafadhili nini, mwisho wa kupokea maombi ni lini, wanataka viambatisho gani. Nilikuwa na haraka ya kuruka kwenye fomu. Yeye hakuwa nayo.

"Wifi, soma tena pale wanaposema hawafadhili."

"Nimeshasoma."

"Soma tena. Mteja akiniambia kiatu kinambana, simuulizi mara moja."

Kwa miezi miwili tuliorodhesha wafadhili kumi na tisa. Akawafuta kumi na wanne mwenyewe, kwa rula, mstari mmoja mnyoofu kila mmoja. Kati ya watano waliobaki, mmoja alimfanya ainuke kwenye kiti. Ulikuwa wakfu mdogo ambao sikuwahi kuusikia, na lengo lake lilikuwa sentensi moja: kuwarudisha watu kazini na shuleni baada ya ajali na maradhi.

"Hawa wananijua," akasema. "Basi tu hawajakutana nami."

Fomu yao ilikuwa na swali lililotukwamisha wiki nzima: una ushahidi gani kwamba kazi yako inaleta mabadiliko? Mimi nikashauri tuandike kwamba wateja wanafurahi sana. Wifi akanitazama kwa huruma, akapiga magoti, akavuta boksi kutoka chini ya meza ya kazi.

Ndani yake mlikuwa na karatasi za mifuko ya saruji, safi upande wa ndani, zimepangwa kama nguo. Kwenye kila moja palichorwa nyayo mbili kwa penseli, na pembeni tarehe, jina, namba ya simu, tofauti ya miguu kwa milimita, na kazi aliyoifanya. Hakuwa ametupa hata moja. Tukazihesabu sakafuni: mia mbili na kumi na mbili.

"Tuwapigie wote," akasema.

Tulipiga simu siku tisa. Wengine walikuwa wamebadili namba, wawili walikuwa wamefariki, na ndugu zao walikaa kwenye simu wakitusimulia. Tuliwapata mia moja hamsini na nane. Wifi aliuliza swali moja tu kila mara: "Unatembeaje siku hizi, na unafanya nini?" Mwanamume mmoja alipokea kwa sauti ya kunong'ona: "Samahani mama, nipo kazini, nitakupigia." Wifi akakata simu, akaandika kwenye karatasi yake: Yupo kazini. Tukacheka mpaka kinyozi akaja kuchungulia.

Majibu yalipojumlishwa, watu mia moja na watatu walikuwa wamerudi kazini au masomoni. Swali lililotukwamisha wiki nzima likajibiwa kwa mistari minne.

Fomu haikutaka maneno zaidi ya mia mbili kwa kila jibu, na hapo ndipo tulipogombana. Mimi ni mtu wa barua rasmi. Niliandika "kwa heshima na unyenyekevu mkubwa."

"Futa," akasema.

"Wifi, ni adabu."

"Adabu ni kutowapotezea muda. Andika: nitafundisha mafundi watatu kwa miezi tisa."

Nikafuta. Tukatuma siku kumi kabla ya mwisho wa kupokea maombi. Baada ya miezi miwili ikaja barua kwamba watakuja wageni wawili kukagua.

Mume wangu, ambaye kufikia hapo alikuwa amegeuka kuwa msemaji wa mradi mtaani, akachangamka kupita kiasi. Alikuwa ameshaongea na rafiki yake seremala amwazime mashine mbili za kusaga, waziweke pale karakana, zipendezeshe.

Wifi aliweka nyundo chini. "Kaka, nimeandika kwamba sina mashine. Wakija wakakuta mashine, niwaambie zimeota?"

Mashine zikabaki kwa seremala. Wageni walikuta kilichokuwepo: kisu, msasa, na mota ya zamani ya mashine ya kufulia aliyoifunga kwenye ubao ili izungushe jiwe la kunolea. Walikuwa mwanamke wa makamo na kijana mwenye kamera. Yule mwanamke aliuliza maswali magumu kwa sauti ya upole.

"Ukiugua mwezi mzima, nani atafanya kazi hii?"

"Hakuna," wifi akajibu. "Ndiyo maana nimeomba kufundisha."

"Na waliorudi kazini nimewaona kwenye andiko. Je, wale ambao viatu havikuwasaidia?"

Jambo hilo hatukuliandika popote, maana fomu haikuuliza. Lakini wifi alikuwa tayari ameinama. Alitoa bahasha, na ndani yake karatasi kumi na moja za nyayo.

"Hawa niliwakosea," akasema. "Huyu nilimwinua mno kwa mara moja, mgongo ukamuuma. Huyu alihitaji upasuaji kwanza, mimi sikujua kumwambia. Wanne niliwatengenezea upya, wakapona maumivu. Hawa saba bado wananidai."

Yule mwanamke akavuta kigoda, akaketi, akasoma zote kumi na moja moja baada ya nyingine. Zilizofanikiwa alikuwa amezipitia haraka tu. Alipomaliza, akavaa miwani yake vizuri, akamwambia kijana azipige picha.

Wiki tatu baadaye simu iliita nikiwa pale karakana nimepeleka uji. Wifi alisikiliza, akasema "ndiyo" mara nne, akaniwekea simu sikioni kama vile masikio yake yamejaa. Walikuwa wamekubali ombi lote. Walikuwa na sharti moja: arekebishe bajeti, kwa sababu kwenye mishahara alikuwa ameandika mafundi watatu wanaofundishwa, akajisahau mwenyewe.

"Tunaomba muongeze mshahara wa fundi mkuu," sauti ikasema.

Nilipomweleza, wifi aliketi juu ya boksi la raba. "Kumbe na mimi ni gharama," akasema, na hapo ndipo alipolia, kwa furaha ya mtu aliyeonekana. Mume wangu alipofika mbio akitokea kazini alichukua ufagio, akafagia karakana nzima, pembe kwa pembe, jambo ambalo baba yao alifariki bila kulishuhudia.

Leo karakana ina vyumba viwili na mashine tatu. Mafundi wale, wanawake wawili na baba mmoja aliyepoteza kazi kiwandani, wamehitimu na wanafanya kazi naye. Foleni imeshuka kutoka miezi mitatu hadi siku kumi. Hospitali kubwa ya mkoa nayo ikasikia, ikamwalika aje kuwaeleza madaktari na wauguzi wake anavyopima.

Nilimsindikiza. Ukumbi ulijaa makoti meupe. Wifi alisimama mbele na mfuko wake wa vibao vyembamba vya mbao, akaomba mtu mmoja wa mfano. Daktari bingwa wa mifupa, mtu mrefu mwenye mizaha, akajitokeza mwenyewe akivua viatu, wanafunzi wake wakacheka.

Wifi hakucheka. Alimsimamisha wima, akamshika kiuno pande zote mbili, akachuchumaa, akamsukumia kibao chini ya mguu wa kushoto, akaongeza cha pili.

"Daktari, mgongo unakuuma tangu lini?"

Daktari akageuza shingo. "Miaka sita. Nani amekwambia?"

"Kiuno chako. Mguu wa kushoto umepungua milimita kumi na nne."

Daktari akabaki juu ya vile vibao, akajaribu kusimama sawasawa, akajisikiliza. Uso wake ukabadilika polepole mbele ya wanafunzi wake wote.

"Foleni yako ni ya muda gani, fundi?" akauliza.

"Siku kumi."

"Hata mimi?"

"Hata wewe," wifi akasema, akatandaza karatasi sakafuni na kutoa penseli. "Kanyaga hapa."