Mtoto wa Tano wa Bi Ghanima

Bi Khamisa alikuwa na kiburi cha kazi, na mimi niliyekaa meza ya pili nilikijua kuliko mumewe. Tangu maabara yetu ya Ibra, Omani, iletewe programu ya vinasaba, mwaka 2007, hakuna aliyebandika namba kwenye chupa za damu ila yeye. Mzaliwa wa Tabora, kompyuta alijifunza ukubwani, na aliyemtilia shaka alinyamazishwa kwa jicho.

Jumatano ile programu ikamgomea. Familia ya jirani yake, Bi Ghanima, ilitiwa alama nyekundu: damu ya mtoto mmoja hailingani na ya mama, huenda chupa zimechanganywa, na faili lote limefungwa. Hiba, binti wa Bi Ghanima, aliugua seli mundu, na saa nane mchana madaktari wa Maskati wangechagua ndugu wa kumpa uboho wa mifupa. Faili lisipofunguka, nafasi yake inakwenda kwa mwengine.

"Sikuchanganya," akasema Bi Khamisa. Akazikagua chupa mara tatu. Ilipofika saa sita akaitafuta namba ya mtoto yule kwenye daftari lake la majina. Alikuwa Aws. Mama yake Aws alifariki siku ya kujifungua, Bi Ghanima akamnyonyesha pamoja na Maen, mwanawe wa kumzaa. Mtaa mzima ulijua, na Bi Khamisa zaidi, maana alikuwa miongoni mwa waliomwosha marehemu. Lakini miaka ishirini sote tulimwita mtoto wa Ghanima, na Bi Khamisa akamwandika hivyo hivyo.

Dawa ilikuwa moja: kuufuta kwenye programu mstari unaomuunga Aws na mama. Hakuthubutu peke yake. Akampigia simu Bi Ghanima, aliyekuja mbio, akaelezwa.

"Yule nimemnyonyesha miaka miwili, Bi Khamisa. Hicho chombo chako hakioni?"

"Hakioni, dada. Kinaona damu tu. Ama mstari, ama Hiba."

Ilikuwa saa nane kasorobo. Nilitamani kuipiga teke ile kompyuta. Bi Ghanima akakitazama kioo, akauliza kitufe ni kipi, akakibonyeza mwenyewe. Wekundu ukaondoka, chini ya jina lake wakabaki watoto wanne, na Maen akaonekana analingana na Hiba.

Daktari alipopiga simu kupanga safari, akamuuliza Bi Ghanima ana watoto wangapi nyumbani.

"Khamsa," akajibu. Watano, mbele ya kile kile kioo, na Bi Khamisa hakumsahihisha.