Mgomba wa Kijani Nyuma ya Jikoni

Siku Mama Kahindo alipotuita kuona mgomba wake sijaisahau, mwanangu. Nilikuwa msichana, nimetoka tu chuo cha kilimo Butembo, nikatumwa upande wa Beni kumsaidia Papa Paluku. Yeye alikuwa agronome, mtaalamu wa mimea, akipima aina za ndizi ajue ipi inavumilia ugonjwa wa majani.

Ugonjwa wenyewe unaujua. Vinaanza vistari vya rangi ya kutu, vinageuka madoa meusi, kisha jani zima linakauka na kuning'inia. Ni kuvu. Haili tunda, inakula majani, na bila majani mkungu haunenepi. Mama Kahindo, mjane jirani wa shamba letu la majaribio, alikuwa akivuna makemba, zile ndizi za kupika, membamba kama vidole, na ndiyo chakula cha watoto wake.

Basi siku hiyo, katikati ya bustani yake iliyoungua kwa ugonjwa, nyuma ya jikoni, mgomba mmoja wa makemba ulisimama kijani kuanzia juu hadi chini.

"Huyu hapana kugonjwa," alisema akicheka. "Nitang'oa ingine yote, nipande batoto bake tu."

Nami nikashangilia. "Papa, tumepata!"

Papa Paluku aliuzunguka ule mgomba, akageuza jani moja. "Mutoto yangu," akaniambia taratibu, "huu mugomba unashinda ugonjwa, ao ugonjwa haujaufikia? Ile ni mambo mbili. Uliza kwanza, kisha njo ufurahi."

Nilinuna kidogo, lakini swali likaniganda. Kwa nini huu, na si ule ulio karibu yake?

Tukamwomba Mama asing'oe kitu, atupe machipukizi machache. Shambani kwetu tulikuwa na safu za migomba dhaifu tuliyoipanda kwa makusudi, imejaa madoa, ili ugonjwa usikose njia. Machipukizi yake tukayapanda humo, pamoja na aina zilizotoka mbali ambazo Papa alikuwa akizipima.

"Munatia batoto bangu katikati ya bagonjwa!" Mama alilia. Kila alipotoka misa alipita kuyatazama. Mimi nilihesabu majani kuanzia lile changa la juu, nikishuka hadi nikute la kwanza lenye madoa. Madoa yakikaa chini, mgomba unajitetea. Yakipanda hadi majani machanga, umeshindwa.

Mvua zilipokolea, machipukizi ya Mama yaliungua kama mengine. Aliketi kando ya shamba, kitenge usoni.

Nikarudi nyuma ya jikoni kwake peke yangu. Mgomba ule bado ulikuwa kijani. Niliinua macho, nikaona matawi ya mparachichi yameufunika. Asubuhi iliyofuata nilirudi na kushika majani: ya migomba ya bustanini yalikuwa yamelowa umande, ya mgomba ule makavu. Na kuvu inataka maji ili iote. Nilikimbia kumwita Papa Paluku. Alicheka hadi akashika magoti.

Katika zile aina za mbali, moja ilipata madoa pia, lakini chini, ikabaki na majani ya kutosha hadi mkungu ukajaa. Tukaipika kwa Mama. Alitafuna, nasi tukamtazama mdomo.

"Haina utamu ya makemba yetu," akasema. "Lakini batoto batashiba."

Aliipanda penye jua, na makemba yake akayahamishia chini ya mparachichi ule. Watoto wakala, na makemba ya wazazi wake hayakupotea.

Mwanangu, ukiona kitu kimestawi, usikimbilie kukisifu wala kukipuuza. Kizunguke, tazama kilicho juu yake, kijaribu mahali pagumu kabla hujakitegemea kwa chakula cha watoto. Jibu likikuumiza usiondoke. Uliza tena, pengine hujafika mwisho wake. Na anayekula, mwache aseme ladha.

Mungu akupe macho yasiyochoka kushangaa, akupe msimu wa amani, na ulichopanda ukivune wewe mwenyewe.