Mtoki na Kidonda Chake

Kwetu milimani Upare mtoki haumtishi mtu. Ukikuvimba kinenani, watu wanakuambia utafute kidonda mguuni. Kidonda kikipona, mtoki nao unanywea. Ndivyo tulivyolelewa, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa.

Mume wangu alikuwa na kidonda. Jembe lilimkata mguu akipalilia tangawizi shambani kwa mama yake, na mtoki ulipotokea hakuna aliyeshangaa. Mama mkwe alimkanda kwa maji ya moto yenye chumvi, akimtania kwamba mwanamume mzima analia kama mtoto anayebatizwa. Kidonda kikakauka. Tukashukuru kanisani. Mtoki ukabaki, wala hauumi, kisha ukapata mwenzake shingoni, na bado tukasema utaondoka polepole. Shingoni! Kidonda cha mguu na shingo, wapi na wapi? Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta; sisi ufa tuliukanda kwa chumvi. Nikikumbuka, hasira inanipanda mpaka leo.

Alipoanza kukonda na kulowesha shuka kwa jasho, nilimteremsha Same, na kutoka Same tukapelekwa Moshi. Madaktari wakamkata kipande kidogo cha nyama shingoni, wakakipima. Daktari akatuambia ni saratani ya mitoki. Mume wangu akacheka: "Kumbe mtoki nao unaugua?"

Dripu za dawa zilimpukutisha nywele, lakini uvimbe ukanywea, nasi tukaanza kuzungumzia msimu wa kupanda. Kisha ukarudi, safari hii tumboni. Nilimfuata daktari kwenye korido nikamuuliza kama tulichelewa.

"Ndiyo," alisema. "Mngewahi, angekuwa na nafasi kubwa zaidi."

Nilirudi wodini, na mume wangu akanisoma usoni kabla sijakaa.

"Mama asijue," alisema. "Alinikanda kwa mikono yake."

Tulimzika juu nyumbani, kwenye ukungu. Wageni walipotawanyika, mama mkwe aliniita jikoni, akanipa kigoda.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyezungumza na madaktari. Tungemuwahisha, angepona?"

Nilimpenda na nilimchukia, vyote kwa pamoja. Nilitaka mtu wa kulia naye juu ya ile miezi iliyopotea, na mtu huyo alikuwa yeye peke yake.

"Hapana, mama," nilisema. "Ugonjwa ule hauna kuwahi."

Akashusha pumzi. "Ashukuriwe Mungu," alisema, akajifunika uso kwa khanga.