Mama Springi Aanza na Juzuu ya Mwisho

Bei Mwisho hakuwa mtu wa kuingizwa mkenge kirahisi. Alianza kwa kutandika vitabu chakavu juu ya turubai kando ya barabara, akapanda hadi meza, kisha chumba chenye mlango wa chuma, na katika kupanda kote huko hakuna aliyemwona akilegeza bei bila kufidiwa. Ndiyo maana siku ile mwanamke mmoja mwenye vumbi la sponji kwenye nywele alipoingia dukani, badala ya kutazama rafu akaanza kukibonyezabonyeza kiti cha wateja, Bei Mwisho aliweka gazeti chini. Alinusa biashara.

"Kiti hiki kimeshakufa, kaka," alisema yule mwanamke. "Na mwenzake pale yuko mahututi."

"Umekuja kununua vitabu au kuzika viti?"

"Vyote viwili, tukielewana."

Alikuwa fundi wa makochi wa mtaa wa nyuma, na jina lililomkaa lilikuwa Mama Springi. Ufundi aliupata kwa mjomba wake, mzee aliyeapa kwamba mwanamke hawezi kukaza mkanda wa kiti ukakazika. Mikono ya mjomba ilipoanza kutetemeka, mikanda yote aliikaza yeye, na kibao cha mlangoni akakipaka rangi upya kwa jina lake. Shule aliachishwa ili kaka zake waendelee. Hakuwahi kuililia, lakini hakuisamehe pia.

Kilichomleta dukani ni redio ya karakana. Msomi mmoja alikuwa akimzungumzia mwanafalsafa wa zamani mwenye juzuu nne, mgumu kuliko msumari wa zege, akamaliza kwa sauti ya upole kwamba vitabu vile, kusema kweli, si vya kila mtu.

"Nikajiuliza, huyo kila mtu ni nani?" Mama Springi alisimulia, mikono kiunoni. "Nikaona ananisema mimi. Nina hakika hata jina langu halijui, lakini ananisema mimi."

Bei Mwisho alikuwa nazo zote nne, rafu ya juu kabisa. Kuvunja seti hakutaka, maana seti yenye pengo hainunuliki. Lakini juzuu ya kwanza alikuwa nayo nakala ya ziada. Wenye kujaribu hununua ya kwanza, huvunjika moyo ukurasa wa ishirini, na huirudisha kwake kwa bei ya karanga. Hesabu ikamjia palepale. Mama atengeneze viti vyote viwili, naye achukue juzuu moja, akae nayo hadi aimalize, airudishe, achukue nyingine, siku ambayo kwa hesabu yake isingefika.

"Uanze na yoyote uitakayo," aliongeza kwa ukarimu, mkono wake ukiwa tayari umeishika ile nakala ya ziada.

Walipeana mikono.

"Nipe ya nne," alisema Mama Springi.

"Mama, ya nne ndiyo ya mwisho."

"Kuhesabu najua. Kochi likija kwangu, natoa kwanza kilichopigiliwa mwisho. Kitambaa cha chini, cha nje, sponji, gunia, springi, ndipo nazifikia mbao. Wewe ulishaona fundi anaanza kufumua kwenye mbao?"

Bei Mwisho aliirudisha nakala ya ziada rafuni. Neno alikuwa ameshalitoa mwenyewe, mbele ya wateja waliokuwa dukani.

Viti vilitengenezwa vizuri. Kabla havijapoteza harufu ya gundi, mwalimu mmoja mstaafu akaja kuulizia seti nzima, na bei aliyotajiwa wala hakuikunjia uso. Alitaka kitu kimoja tu, zote nne ziwepo. Bei Mwisho alimkokota hadi karakanani, jasho likimtiririka.

Mama Springi alikuwa amepiga magoti, misumari midomoni, juzuu ya nne imelazwa juu ya mgongo wa kochi. Aliitema misumari kiganjani.

"Dada yangu," Bei Mwisho alianza kwa sauti ya asali, "nakupa ya kwanza, iwe yako moja kwa moja. Na juu yake kijitabu cha maelezo."

"Umeimaliza biashara yako? Mimi yangu sijaimaliza. Tulisema hadi niimalize."

Mwalimu alijaribu kwa heshima. "Mama, hata sisi tuliofundishwa tulianza na ya kwanza. Humo, alipoandika akiwa kijana, anasema mtu asikubali lolote ambalo hajalipima mwenyewe. Uzeeni, katika hiyo uliyonayo, analikana neno hilo. Sasa utaelewaje anachokana kama hujakisoma?"

"Mwalimu, mimi nikifumua kiti naona matundu ya misumari ya zamani. Kitambaa chenyewe kilishatupwa, ila matundu yananionyesha kilipopita. Na humu matundu yamejaa."

"Utakosa mengi."

"Acha niyakose. Hata sasa nusu yake siielewi, nasoma ukurasa mmoja mara tatu kama ninayesugua sufuria. Lakini mkinipangia pa kuanzia, mtanipangia na pa kuishia."

Mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta. "Haya, umeshamfuata kijana wa juzuu ya kwanza, na hujafungua hata jalada lake!" Kisha akamgeukia Bei Mwisho. "Mwachie. Nitatafuta seti kwingine." Na kweli alitafuta, akapata kwa muuzaji wa mtaa wa pili. Hilo ndilo lililomuuma Bei Mwisho kuliko yote.

Mvua zilianza, zikaisha. Mama Springi alipoirudisha juzuu ya nne ilikuwa na alama za vidole vya gundi pembeni na uzi wa kushonea makochi katikati ya kurasa.

"Vipi mzee wako?" Bei Mwisho aliuliza kwa kejeli. "Mmeelewana?"

"Ameogopa kufa, akaanza kutuambia tupokee tu tunachopewa. Sijakubali. Nipe ya kwanza, nataka kumsikia kabla hajaogopa."

"Si ungeanza hapo tangu mwanzo?"

"Ningeanza hapo ningemwamini. Hilo nimelikosa, sikatai. Siwezi tena kumsoma yule kijana bila kujua atakuja kusalimu amri. Ila nimelikosa kwa mkono wangu mwenyewe."

Bei Mwisho alimpa nakala ya ziada, ile aliyotaka kumbandika tangu siku ya kwanza. Seti yake imerudi rafu ya juu ikiwa kamili, na hakuna anayeiulizia. Alichopata ni viti viwili imara, laini kupita kiasi. Wateja wanakaa, wanasoma bure hadi mlango unafungwa. Alipolalamika, Mama Springi alikuwa ameshafika mlangoni, juzuu kwapani.

"Ungesema unataka viti vya kufukuza watu," alijibu. "Hivyo navyo najua kuvitengeneza."