Tia Moto: Safari Yangu ya Qantab

Nilitoka Rusayl kwenda Qantab, huku Oman, kwa sababu ya karai. Miezi minane nilikuwa nikioshea vipuri vya gereji ndani yake kwa petroli, ingawa nilitoka Nakuru nikiitwa fundi. Mutiso, Mkenya mwenzangu na fundi mkuu wetu, aliniambia, "Tengeneza gari moja huko Qantab peke yako, mteja asilalamike. Ukirudi, nakupa spana."

Saa mbili asubuhi pikapu ya gereji iliyonibeba ilipita Mawaleh, penye malori ya matunda, kisha mjini, kisha tukaingia milima ya mawe matupu. Niliirudia kazi moyoni.

Qantab, Bi Zuwena alinipokea kwa kahawa na tende. Ni mama wa Kiomani, mzaliwa wa Unguja. Datsun yake kuukuu ilizimika kila iliposimama. Nilisafisha kabureta, nikarekebisha skrubu ya hewa mpaka injini ikatulia, nikapanga moto wa plagi, yaani taiming, kwa sikio. Nikazima, nikakaza bolti ya distributa. Ilikuwa sawa kabisa. Najua hivyo hata leo.

"Ushamaliza, mwanangu? Twende nkurejeshe Rusayl, tulijaribu gari njiani. Haya, tia moto."

Kwa fundi aliyenifunza, kutia moto ni kuzungusha distributa ili plagi ichome mapema zaidi. Nilijua haifai. Lakini Kiswahili cha Bi Zuwena kilikuwa kizuri kuliko changu, nikaona haya kumuuliza. Nikalegeza bolti, nikazungusha. Akachoka kunisubiri, akawasha mwenyewe.

Mlima wa kwanza, injini ikagonga kama kokoto ndani ya mkebe. Maji yakachemka.

"Umefanya nini?"

"Nimetia moto, mama. Ulivyosema."

"Mie nlikwambia uwashe gari!" Akacheka mpaka akajifuta machozi. "Kwani huna ulimi?"

Injini ilipopoa nikarudisha distributa. Gari likapanda bila kugonga hata mara moja.

Alasiri, Rusayl, Bi Zuwena hakulalamika. Alishukuru, akasimulia tu. Gereji nzima ikacheka. Alipoondoka, Mutiso akaniambia, "Unaambiwa washa, unaharibu taiming? Wewe ni fundi gani? Rudi kwa karai."

Nilitaka kusema kwamba mteja hakulalamika. Nikainama, nikachukua karai.

Nimejifunza kuwa neno moja usilouliza hukurudisha mbali, na kuwa anayekucheka kwa wema anaweza kukuumiza kuliko anayekutukana. Siku hizi mtu akipaza sauti hapa gereji, "Tia Moto!", hakuna injini inayowashwa. Ni mimi ninayeitwa, nilete karai.