Fundi Gego na joka lisilokwisha

Saa moja na robo asubuhi, na Fundi Gego ameshang'oa bawa.

Jana jioni bawa hilo lilikuwa limeunganishwa, limepakwa rangi na limekauka. Alilifunika joka kwa kitambaa safi, akazima taa, akaenda kwake. Kufika kitandani, akaanza kulifikiria.

"Nikaona kama limeinama," anasema, akiligeuzageuza bawa la chuma mkononi. "Si sana. Kama mtu anayekusikiliza lakini moyoni ameshaondoka."

Anakaa. Anasimama. Anasogeza taa, anairudisha ilipokuwa. Mama yake alikuwa akimwita Nzi tangu hajaota meno, na kwa kumtazama dakika tano tu, mtu anaona kwamba mzazi hakukosea.

Hiki ni chumba cha nyuma cha kliniki ya meno. Si chumba cha kujivunia ukubwa: ukinyoosha mikono yote miwili utaangusha taya za watu. Ziko kwenye rafu tatu, taya za plasta nyeupe, kila moja na karatasi ya jina la mwenyewe, zimekaa wazi kama zinasubiri kupewa zamu ya kuongea.

Kwenye meza kuna jiriwa, tupa, drili ndogo, nta na taa ya spiriti. Katikati ya hivyo vyote kuna joka, sanamu ya chuma inayouzwa ikiwa vipande vya kuunganisha. Lina uzito wa kilo tatu na robo, vipande thelathini na kimoja, na kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni sentimita sitini na mbili. Kwa hesabu ya majoka ni dogo. Kwa hesabu ya meza hii limekuja na ukoo mzima.

Leo halina bawa la kushoto, na mwenyewe anakuja saa nne.

Mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa hisabati. Wanafunzi walimwita Kipenyo, jina likamganda, na sasa hata mkewe humwita hivyo akitaka kitu. Mwalimu Kipenyo anaona kwa jicho moja. La pili alilipoteza utotoni. Hilo lililobaki lina mtoto wa jicho, na kesho litafanyiwa upasuaji. Leo saa nane anatakiwa awe wodini. Kabla hajaingia huko ameomba jambo moja tu: alione joka lake likiwa zima.

Fundi Gego anayajua yote hayo. Ameyaandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani mbele ya pua yake. Na bado ameng'oa bawa.

"Wifi," anasema mpokea wageni wa kliniki, akisimama mlangoni na ufunguo wa kabati mkononi. Ni dada wa mume wa fundi, na ndiye aliyemtafutia kazi hapa miaka ishirini na miwili iliyopita, jambo analolikumbusha mara moja kwa wiki. "Niambie nimeota. Jana niliacha joka lina mabawa mawili."

"Limeinama."

"Aliyeinama ni wewe. Hilo joka lingekuwa kaka yangu lingeshaomba talaka."

"Kaka yako nilishamnyoosha, akakubali. Niletee draya ya nywele."

Draya inakuja, pamoja na maneno mengine ambayo mawifi hupeana bila kutoza.

Fundi Gego ana miaka arobaini na mitatu na watoto wawili. Alimaliza kidato cha nne akiwa na cheti kisichofungua mlango wowote, akaanza hapa kwa kuosha vyombo vya plasta. Aliyekuwa fundi wakati huo aliona kwamba msichana wa kuosha alikuwa akizipanga taya kwa ukubwa bila kuambiwa, akampa nta achonge. Hakurudi tena kwenye sinki. Siku hizi hutengeneza seti tano au sita za meno ya bandia kwa wiki.

Meno ya juu ya Mwalimu Kipenyo ni ya mkono wake. Ndiyo maana, miezi minne iliyopita, mwalimu alimletea sanduku.

Sanduku hilo lilikaa juu ya kabati la mwalimu miaka tisa. Alilinunua kwa kiinua mgongo chake, siku alipostaafu, akijiambia kwamba sasa muda upo. Akafanya jaribio moja. Akagundisha mguu wa nyuma mahali pa mguu wa mbele, joka likakaa kama linaomba kura, akalifungia. Jicho lilipoanza kuingia ukungu ndipo alipolikumbuka.

"Alilipakua hapa mezani, kipande baada ya kipande," Fundi Gego anasimulia. "Akaniambia, 'Kama umeweza kuyasimamisha meno kwenye fizi zangu, bawa halikushindi.' Mimi nikacheka. Nikamwambia njoo baada ya wiki tatu."

Wiki tatu. Wifi yake akilisikia hilo, huangalia dari.

Mabawa ndiyo yaliyoleta taabu. Kila moja lina uzito wa gramu mia nne, na linashika begani kwa sehemu isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Gundi peke yake haiwezi. Fundi alitoboa begani kwa drili anayotumia kwenye meno, akaingiza waya ule ule mgumu unaoshikilia meno ya bandia kwenye meno ya asili, akajaza gundi kali inayochanganywa kutoka mirija miwili. Likashika vizuri kabisa. Akalitoa.

Halafu rangi. Mwalimu alitaka kijani cha ubao wa darasani, basi. Mara ya kwanza fundi alipaka, akatazama siku mbili, akasema limefanana na mboga iliyosahaulika jikoni. Akalikwangua lote. Mara ya pili lilikuwa zuri, kila mtu alisema zuri, daktari mwenyewe alitoka na glavu mkononi kuja kulitazama. Akalikwangua tena.

Mara ya tatu hataki kuizungumzia.

Kwa saa alizotumia angetengeneza zaidi ya seti sitini za meno, na malipo waliyopatana na mwalimu hayafiki ya seti mbili. Hilo halimnyimi usingizi. Kinachomnyima usingizi ni kitu kingine.

"Meno yana mwisho," anasema, akisugua bawa kwa msasa bila kulitazama. "Nikimvalisha mtu, anauma, ananiambia hapa panachoma. Nachonga. Anauma tena. Panachoma. Nachonga. Mwisho anasema sawa, anaondoka, namsahau. Hili linanitumbulia macho tu. Sasa mimi nitajuaje kama nimemaliza?"

Anasimama, anaenda dirishani, anarudi. Anatembea kama kuku anayetafuta pa kutaga.

Saa mbili na nusu bawa linarudi begani. Analitegemeza kwa vipande vya nta, anasogea nyuma, anafumba jicho moja, anasogea mbele. Limenyooka. Hata wifi anakubali, japo kwa shingo upande. Lakini wakati wa kulinyofoa alfajiri, rangi ilibanduka theluthi nzima, na fundi, badala ya kuziba palipobanduka, alilitumbukiza bawa lote kwenye dawa ya kuondoa rangi.

"Nilikuwa na haraka," anaeleza. Maelezo hayo hayaelezi chochote.

Saa nne kasoro dakika tano, bawa la kulia ni kijani chenye vivuli vitatu, kazi ya wiki tatu. La kushoto ni kijivu cha rangi ya msingi, bado lina joto la draya. Nje, teksi inafunga breki.

Mwalimu Kipenyo anaingia akishika ukuta kwa ncha za vidole. Ana begi dogo la nguo za kulalia na lenzi ya mkono inayoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Anasalimia kila mtu kwa zamu, pamoja na taya.

"Shikamoo, Mwalimu," anasema fundi.

"Marahaba, mwanangu. Liko wapi?"

Fundi anaanza kueleza habari za waya na kuinama. Mwalimu hasikilizi. Amekwisha kuinama yeye, lenzi karibu na jicho, jicho karibu na chuma, pua inakaribia kugusa. Anaanza mkiani. Anapanda mgongoni, pole pole, kama anayesahihisha mtihani wa mwanafunzi anayempenda. Anafika kwenye bawa la kijani, anakaa hapo sana. Kisha anahamia la kushoto.

Wifi amejibanza mlangoni, mkono mdomoni.

"Hili halijapakwa."

"Nisamehe, Mwalimu. Lilikuwa limepakwa. Asubuhi nime..." Fundi anasogeza taa, anairudisha. "Nimelikwangua."

"Leo?"

"Leo."

Mwalimu anavuta kiti, anakaa. "Daktari wa macho ameniambia ni asilimia tisini na tano," anasema. "Nimefundisha asilimia miaka thelathini na nne. Naijua ile tano inakaa wapi."

Anaifuta lenzi kwa pindo la shati.

"Nilitaka nilione zima ili nikirudi sioni, nijue kilichopo mezani. Lakini kuona linavyopakwa sikuthubutu kukuomba. Nilijua utafukuza mtu." Anaweka begi chini ya kiti. "Teksi itasubiri. Paka."

"Kwa saa moja, Mwalimu? La kulia nilitumia wiki tatu."

"Basi hili tumia saa moja. Mimi natazama."

Fundi Gego anachukua brashi. Mguu wake unatikisika chini ya meza mpaka vichupa vya rangi vinagongana, na mwalimu, bila kusema kitu, anaviweka mbali kimoja kimoja. Kijani cheusi kwanza, kwenye mikunjo yote. Kisha anafuta kwa kitambaa ili cheusi kibaki mabondeni tu. Kisha kijani cha ubao. Mwalimu anauliza kila hatua, na fundi anajibu huku mkono ukienda.

"Hapo umeruka," anasema mwalimu, lenzi ikiwa imegusa bawa.

"Sijaruka, nimepaacha pakauke."

"Tuliambiwa hivyo hivyo na waliokuwa hawajafanya kazi ya nyumbani."

"Mwalimu, usinichekeshe, brashi hii ina nywele sita."

Anapaka ngozi ya bawa, anapaka mifupa yake, anapaka kucha zilizo kwenye ncha, anarudi kwenye kingo na kijani chepesi. Dakika hamsini na mbili. Mara mbili mkono wake unakwenda kwenye kitambaa ili afute alichofanya, na mara zote mbili mwalimu anakohoa.

Saa tano na robo anaweka brashi chini. Mwalimu anatazama bawa la kushoto kwa muda ule ule aliotazama la kulia, kwa haki kabisa, kisha anaiachia lenzi.

"Sasa funga nilichukue."

"Liache hapa mpaka utoke hospitali, Mwalimu. Kwa usalama."

"Usalama wa nani? Nikiliacha, nitalikuta vipande thelathini na kimoja."

Wifi anacheka mpaka anaegemea mlango. Joka linalazwa kwenye boksi la plasta, limezungushiwa pamba. Dereva wa teksi analibeba kwa mikono miwili, mwalimu anafuata akishika ukuta. Litapita nyumbani kwake kwanza, likae na mkewe sebuleni, kisha yeye aende wodini.

Meza imebaki tupu. Fundi Gego anaifuta, anaifuta tena. Wifi yake, aliyepiga picha kwa simu wakati boksi halijafungwa, anamwonyesha. "Angalia mwenyewe, wifi. Huwezi kujua lipi la wiki tatu na lipi la saa moja."

Fundi anaikuza picha kwa vidole viwili. Anaikuza zaidi.

Kucha za bawa la kulia ni nyeusi. Za bawa la kushoto zina rangi ya jino: ya pembe ya ndovu, ikikolea kuwa manjano kwenye shina, na wepesi kidogo nchani, kama gego la mtu mzima anayependa chai. Kwa miaka ishirini na miwili, kila kitu chenye ncha kilichopita mikononi mwake kilikuwa jino. Mkono ulipoachwa peke yake, ukafanya unachokijua.

Anatoka mbio na brashi na chupa ya rangi nyeusi, viatu vya ndani miguuni. Anafika getini. Teksi haipo.

Anarudi akihema. Wifi yake ameshachukua pochi ya fundi kutoka kwenye ndoano na anamnyooshea. "Nenda nyumbani kwake. Mkewe atakufungulia. Kucha mbili, dakika tano, mwalimu hatajua maisha."

Fundi anavaa viatu vya nje. Anaitia ile chupa ndani ya pochi, anafika mlangoni. Anasimama hapo, mkono kwenye kitasa, kwa muda ambao hajawahi kusimama mahali popote leo.

Kisha anarudi, anaitundika pochi, anakaa.

"Hapana. Hizo naziacha hivyo hivyo."

"Wewe?"

"Bandeji ya jicho inatolewa Ijumaa," anasema Fundi Gego. Anaivuta karibu taya ya plasta iliyokuwa ikingoja tangu wiki iliyopita, anaisoma jina, anawasha taa ya spiriti. "Nataka Jumamosi aingie kwenye mlango huo bila kushika ukuta, aniambie, 'Wewe mtoto, hizi kucha umezipaka nini?' Atanigombeza mpaka achoke. Mimi nitakaa kimya namsikiliza."